Gari Linasema Kijapani

Kila asubuhi nikiwasha gari, dada wa kwenye redio hunisalimu kwa Kijapani. Mwaka wa tatu huu, sijui anasema nini. Nahisi ananitajia ugonjwa, ila fundi wangu wa chini ya mwembe naye hajui Kijapani. "Bosi, ni bushi tu," aliniambia Jumatatu. Kufika Jumatano bushi imezaa boljointi. Ijumaa akanikabidhi funguo, skrubu nne zimebaki kiganjani mwake. "Hizi za ziada, bosi. Wajapani huwa wanazidisha."

Wiki nzima gari lilikuwa juu ya mawe, halina hata tairi moja. Naangalia simu: nadaiwa maegesho ya Kariakoo, Jumanne na Alhamisi. Nimelipa. Huenda lilikwenda kwa magoti.