Mashujaa wa Njia Tambarare

Kando ya mfereji wa Canal du Midi, kusini mwa Ufaransa, mashujaa hawakosekani. Huyu hapa mmoja anakuja na baiskeli yake: kaptula ya kubana yenye sponji makalioni, miwani ya rangi ya upinde wa mvua, uso umekunjwa kama anayekimbiza medali. Njia anakonyonga baiskeli ni ya farasi waliokokota mashua huko nyuma, na farasi hawakuwa na saa ya kuhesabu mapigo ya moyo. Wala sponji.

Pierre-Paul Riquet, aliyeuanzisha mfereji huu wa kilomita 240 hivi, alifariki mwaka 1680, miezi michache kabla haujafunguliwa. Yeye tungemsamehe angelalamika kuchoka. Lakini huyu wetu? Kilele chenyewe cha mfereji, Naurouze, kiko mita 189 tu juu ya usawa wa bahari! Penye mwinuko, mashua huingia kwenye kizimba chenye milango, maji yakajazwa, ikainuka kimya kimya. Shujaa wetu huinuliwa na betri ya baiskeli, mizigo yake ikiwa imeshatangulia hotelini kwa gari.

Jioni, mvinyo mkononi, anasimulia alivyoteswa na mizizi ya miti. Kesho anapumzika. Daktari kashauri, eti.