Jinsi ya Kuvumbua Friji kwa Pesa ya Vocha

Umeshuka Ikungi, Singida, kwa likizo ya chuo. Bumu la mkopo lilikata roho kabla basi halijafika Manyoni, simu ina chaji ya kusoma saa tu, na nyumbani wanakutazama kwa macho yanayodai: miaka miwili Dodoma, umejifunza nini? Jibu la heshima ni moja. Vumbua kitu. Mwongozo huu utakutoa katika hali ya mwanafunzi asiye na nauli ya kurudi chuoni na kukufikisha katika hadhi ya mvumbuzi asiye na nauli ya kurudi chuoni.

Hatua ya kwanza: Vumbua kilichokwisha kuvumbuliwa

Wenzako watakushauri utengeneze roboti ya kupalilia alizeti. Achana nao. Roboti inataka betri, betri inataka pesa, na pesa inataka baba auze mbuzi. Wewe chukua friji. Hata pale REA, wakala wa umeme vijijini, walipokwisha kusimika nguzo, friji ya dukani bado ina bei yake, na ikifika ndani inaanza kula umeme wa Luku usiku na mchana. Ya kwako itakuwa vyungu viwili, mchanga na maji.

Wala usiumie kwamba kuna aliyekutangulia. Mwalimu mmoja wa Nigeria, Mohammed Bah Abba, aliyetoka katika ukoo wa wafinyanzi, alitumbukiza chungu kidogo ndani ya kikubwa, akajaza mchanga uliolowa katikati, na mwaka 2000 akapewa tuzo ya Rolex, kampuni ya saa ambazo bei yake usiitaje mbele ya mama yako. Katika majaribio yake, biringanya zilizozoea kuoza kwa siku tatu zilifika siku 27. Mtungi wa maji umefanya kazi ya namna hiyo miaka na miaka, na hakuna aliyeupa hata cheti cha ushiriki. Tuzo hazifuati udongo, zinafuata aliyejaza fomu. Fomu tutazifikia.

Hatua ya pili: Jifunze fizikia ya kusema kwa sauti nzito

Maji hayakauki bure. Ili yageuke mvuke lazima yachukue joto mahali fulani, na yakiwa kwenye ukuta wa chungu yanalivuta kutoka ndani, kwenye nyanya zako. Lita moja ikikauka inaondoka na joto la kilojuli 2,400 hivi. Kwenye karatasi, joto hilo linatosha kupoza lita 20 za maji kwa karibu nyuzi 29. Kwenye karatasi. Uani kuna jua, kuna joto linalorudi kwa mlango wa nyuma, na kuna mdogo wako anayefunua kifuniko kila mara kuangalia kama barafu imeshaingia.

Barafu haitaingia, watangazie mapema. Chombo hiki kinapoza, hakigandishi. Mchicha na nyanya vitapata siku za nyongeza. Nyama na maziwa usivilaze humo kwa imani.

Hapa ndipo Ikungi inapoipiku Dar es Salaam. Kule hewa imekaribia kushiba maji, haina pa kuyaweka mengine mengi, na chungu kitaishia kutoka jasho kama abiria wa mwendokasi. Huku, mvua zikishakatika, hewa inakauka mpaka midomo inapasuka, na ule upepo wa Singida unaohamisha shuka kutoka kwenye kamba yenu hadi uani kwa jirani ndio injini yako. Mvua zikirudi mwezi wa 12, friji itazembea. Kipindi hicho kiite cha matengenezo.

Hatua ya tatu: Nenda mnadani bila daftari

Ukionekana na daftari bei inapanda. Msalimie mama muuza vyungu, muulizie na watoto, kisha chagua viwili: kikubwa kikimeze kidogo na kubakiza nafasi ya vidole viwili pande zote. Kigonge kila kimoja kwa kifundo cha kidole. Kilichoiva vizuri kinalia ngaa. Chenye ufa kinajibu kwa sauti iliyokwama kooni. Kataa kilichopakwa rangi ya mafuta hata kama kimechorwa twiga, kwa sababu rangi inaziba vitundu ambamo maji yanapenya, na friji isiyopenyeza maji ni pambo la sebuleni.

Mchanga uchote korongoni. Ni bure, ilimradi usitamke neno utafiti mbele ya mtu. Gunia la katani la kufunikia limo stoo, lina makapi ya alizeti ya mwaka jana. Likung'ute mbali na kuku, la sivyo watahudhuria mradi hadi mwisho.

Hatua ya nne: Unganisha mbele ya mashahidi

Osha mchanga mpaka maji yatoke meupe. Tandaza kiasi ndani ya chungu kikubwa, kwenye kitako, kalisha kidogo juu yake midomo ilingane, kisha jaza mchanga pembeni huku ukishindilia kwa mwiko wa ugali ulioazimwa bila ruhusa. Mwagia maji taratibu mpaka mchanga ushibe. Panga mboga, funika kwa gunia lililolowa. Weka kivulini, juu ya mawe matatu ili upepo upite na chini, sehemu ambayo mbuzi hawaifikii.

Kufikia jioni, ingiza mkono ndani. Utasikia ubaridi kweli. Usishangae kwa sauti, mvumbuzi hashangai. Sema tu, "Kama nilivyotarajia."

Hatua ya tano: Tafuta nani atakuwa anajaza maji

Hatua hii haimo kwenye miongozo mingi kwa sababu waandishi wake wana bomba. Friji yako haili umeme, inakunywa. Inakunywa asubuhi, inarudia jioni, na kadiri upepo unavyovuma vizuri, yaani kadiri uvumbuzi wako unavyofaulu, ndivyo kiu yake inavyozidi. Maji ya kiangazi hayaji yenyewe: kuna foleni kisimani, kuna dumu la lita 20, kuna shingo ya mtu. Na shingo hiyo, kwa uzoefu wa nyumba nyingi, si ya mvumbuzi.

Mama atauliza siku ya kwanza, bila hasira: "Mwanangu, hayo unayoumwagia mchanga ni ya ndoo ipi?"

Usijibu kwa kilojuli. Jibu kwa dumu: chukua baiskeli uende kisimani. Kisha fanya kazi ya kihandisi iliyobaki, ambayo ni kuuzoesha mchanga kunywa maji yaliyokwisha kutumika. Maji yaliyosuuza mboga yanafaa, na hata ya kunawia kabla ya sabuni yanafaa. Ya sabuni au ya chumvichumvi yataziba vitundu taratibu. Ukiona utando mweupe umegandamana nje ya chungu, usugue kwa burashi. Kama nyumbani hamna hata ndoo ya ziada, mradi huu haukufai, na mtu mwenye akili atauahirisha bila kuandikiwa barua.

Hatua ya sita: Mheshimu mshindani

Usidhani unashindana na friji ya dukani. Unashindana na mlenda mkavu. Bibi yako anachuma majani mvua zikiwepo, anayaanika, jua na upepo vinayakausha, anayatwanga, na kiangazi chote mboga imo kwenye kibuyu ikisubiri maji ya moto. Upepo unaoutegemea wewe, yeye alishauajiri zamani, tena kwa mshahara mdogo zaidi: yeye anatoa maji kwenye mboga, wewe unaongeza maji kwenye mchanga.

Atakuuliza chungu chako kinahifadhi mboga kwa muda gani. Ukisema wiki mbili, atanyamaza kwa adabu. Tumia ukimya huo kuomba chakula. Na friji yako ipe kazi ambayo kibuyu hakiiwezi: nyanya za kula mbichi, machungwa, matango, mayai ya kuku wa kienyeji yanayosubiri mchuuzi wa Singida mjini.

Hatua ya saba: Jiandae kuchekwa kwa mpangilio

Kuchekwa ni sehemu ya mtaala. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Sekondari ya Magamba, Tanga, alikuwa akitengeneza aiskrimu na wenzake. Desturi ilikuwa kuchemsha maziwa na sukari, kuyasubiri yapoe, ndipo yaingie kwenye friji. Alipoona nafasi inakwisha, akatumbukiza yake yangali moto. Yakaganda kabla ya ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Akauliza sababu, akaambiwa amechanganyikiwa. Akaja kuuliza tena alipokuwa Mkwawa, Iringa, darasa likacheka. Dakta Denis Osborne, aliyetoka Chuo Kikuu Dar es Salaam kuwatembelea, ndiye aliyekwenda kulipima jambo lenyewe, na mwaka 1969 wakachapisha makala pamoja. Wanafizikia wanabishania "athari ya Mpemba" mpaka leo.

Zingatia ratiba: kutoka aiskrimu hadi makala ni miaka sita, na chanzo chake ni kijana aliyewahi nafasi kwenye friji. Kwa hiyo wakikucheka kijiweni, andika tarehe na uanze kuhesabu.

Hatua ya nane: Jaza fomu

Tangu 2019 yapo mashindano ya kitaifa ya ubunifu, MAKISATU, na COSTECH, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia, huwapokea wabunifu hata wasio na shahada. Nenda. Usipoteze nauli kuomba hataza kwa BRELA, wakala wa usajili, maana hataza inataka kitu kipya, na chungu kilikuwepo kabla ya wakala na kabla ya shilingi. Kwenye andiko ipe friji jina lenye namba mwishoni, ionekane kuna nyingine zilizotangulia. Mchanga uuite tabaka la kati. Mama muite mdau.

Kisha rudi chuoni. Likizo ijayo utakuta chungu kikubwa kimejaa maji ya kunywa, baridi kweli, kila mgeni anayasifu. Kile kidogo kiko jikoni, kinapika mlenda. Mchanga umezibia shimo la njia ya kwenda chooni. Usilalamike na usirekebishe kitu. Andika kwenye ripoti kwamba kifaa kimezalisha vifaa vitatu, kwamba vyote vinatumika kila siku bila usimamizi wa mvumbuzi, na kwamba unaomba fedha za awamu ya pili: chungu kimoja kidogo.