Nahodha na Mstari wa Sufuri

Misaada apewayo mwanafunzi na jamaa zake mkesha wa mtihani, iko imfaayo na iko imchoshayo, na iko ya namna ya tatu, ambayo humfaa baada ya kumchosha kiasi cha kutoweza kufaidika nayo. Na ya namna hiyo ndiyo niliyoipata kwa mjomba wangu wa Chwaka, nahodha aliyekwisha kustaafu, ambaye mama alinipeleka kwake kwa kushikilia kwamba mtu aliyevuka bahari kwa kufuata nyota hawezi abadan kushindwa na pembe zilizochorwa katika karatasi.

Swali lililonikosesha raha lilikuwa hili: y ni sawa na saini ya x mara 2, kujumlisha 1, onyesha mchoro wake unaikata wapi mihimili miwili. Mhimili wa Y haukuwa na taabu, kwani ukiifanya x kuwa sufuri, saini yake nayo huwa sufuri, ikabaki 1 peke yake. Balaa lilikuwa katika mhimili wa X, ambako wenzangu wa darasani walinisaidia kila mmoja kwa jawabu lake: huyu akaapa kuwa ni digrii 180 na 360, kwa kuwa ndiko saini ikatako siku zote, yule akasema ni 30, akachukua maandazi yangu kuwa ndiyo ijara yake, akaenda zake kabla sijamuuliza sababu.

Baada ya shikamoo na marahaba, mjomba aliishika karatasi mbali na macho, akautazama ule mstari upandao na kushuka, akasema, "Haya ni maji, mwanangu. Hii mbili ni bamvua: mita mbili juu ya maji ya kati, mita mbili chini yake. Na hii moja?"

Nikamjibu kwa taadhima kwamba mwalimu ndiye aliyeiongeza.

"Mwalimu haongezi bahari. Hiki ni kina kilichobaki chini ya mkuku maji yakiwa nusu."

Kwa hiyo sufuri ni pale mkuku unapogusa tope, na yale niliyokuwa nikiyatafuta ni mambo mawili tu, mashua inapokwama na mashua inapoelea tena. Sijapata kulisikia jambo hili likielezwa kwa uwazi kama ule. (Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba mwanachuoni wa Glasgow, William Thomson, ambaye ndiye Lord Kelvin, alibuni katika miaka ya 1870 mashine ya kubashiri maji kujaa na kupwa kwa kujumlisha mawimbi ya namna hiihii, nina yakini mjomba angalimkubali kuwa baharia mwanagenzi.) Lau angalikomea hapo, ningalirejea mjini kwa gari la jioni. Lakini mjomba hakuamini kitu asichokiona, na kwa kuwa alasiri ile maji yalikuwa yamejaa pomoni, alinipakia katika mashua yake, akatia nanga mahali alipojua kwamba maji yatatukimbia, tukaketi kuingoja hesabu itutokee.

Ikatutokea. Baada ya isha mkuku uligusa, mashua ikalala ubavu, nami kwa mwanga wa kandili nikaandika 210. Mkato wa pili ni 330. Baina yake ni digrii 120, yaani thuluthi ya duara zima, ambayo kwa bahari ijaayo na kupwa kila saa 12 na dakika 25 hivi, ni saa 4 na ushei. Furaha niliyoipata kwa jawabu hilo ilinipungua nilipofahamu kwamba saa 4 hizo tutazikaa papo hapo. Mjomba, kwa kuona kwamba kazi yake ya ualimu imekwisha, alilala fofofo, akatuachia mimi na mbu wa mikokoni tuungoje mkato wa pili, uliofika baada ya saa sita usiku, kwa dakika zake barabara.

Alfajiri nilipanda gari la shamba, nikaketi baina ya vikapu vya samaki, nikaingia katika chumba cha mtihani na harufu iliyomfanya jirani yangu ahamishe kiti bila ya ruhusa ya msimamizi. Saini haikuulizwa. Iliyoulizwa ni tanjenti.

Nilipokwenda Chwaka tena, mjomba alitaka auone mtihani wenyewe. Aliufuata mchoro kwa kidole, kutoka sufuri hadi karibu na 90, ambako unapaa usirudi; akavuka ng'ambo ya pili, akaukuta ukichomoza kutoka chini kusikokuwa na kina. Akaniuliza kama mwalimu wangu amepata kupanda chombo. Nikasema sidhani.

"Basi msalimie sana," akanirudishia karatasi, "umwambie maji hayo mimi siyaingii."