Mbwa wa Amboni Afika Leipzig

Shangazi, Mjomba na wote wa Ngamiani,

Nawaandikia mbiombio kwa sababu juzi usiku, hapa Leipzig, nilisimamishwa shahidi wa mbwa.

Kuna mwandishi mmoja, kazi yake ni kusafiri kisha kusimulia. Safari hii kaandika juu ya Tanga yetu, na wasomaji wake wamelipa kiingilio kuja kumsikiliza akisoma kitabu walichokwisha kukinunua. Akafika kwenye kisa cha mapango ya Amboni: wale Wazungu wawili waliopotelea mle, na mbwa wao akaja kuibukia karibu na Kilimanjaro. Mikono ikanyooshwa ukumbi mzima. Je, wenyeji wanaamini kweli? Mwandishi akaninyooshea kidole: ulizeni mwenyewe, yule pale!

Mjomba, ningesema nini? Nikawaambia reli ya Wajerumani ilianza kujengwa Tanga 1893, ikafika Moshi 1911. Mbwa yeye alipita chini, bila tiketi. Wakaandika! Nikajaribu kuwachomekea habari za Osale Otango, ambaye waongozaji wetu husema alijificha mle enzi za Mau Mau. Hakuna aliyegusa kalamu. Na kwamba mimi shahidi nilitoka mle mbio popo wa kwanza aliponipitia sikioni, hilo nikalimeza.

Ukumbi ukapata joto, mtu akaliendea dirisha. Ngojeni niwaeleze. Dirisha la huku lina kitasa kimoja chenye akili tatu. Kikitazama chini, limefungwa. Ukikilaza, linafunguka lote. Ukikiinua juu, dirisha zima linakujia kichwani, halafu linaghairi na kubaki limeegama. Mara ya kwanza nililidaka kwa mikono miwili nikaita jirani. Kuna na masharti: mwenye nyumba anataka lifunguliwe wazi kila asubuhi, hata theluji ikianguka, kuta zisiote ukungu. Lakini dirisha na mlango vikiachwa wazi pamoja, upepo ukapita katikati, ni balaa: shingo itakakamaa, figo zitaugua. Wasomi wazima wanaamini hivyo! Sisi tunaopanga viti barazani kuutafuta huo upepo wa bahari, tungekuwa tumekwisha kuzikwa sote. Mwenzenu ningeulipia kiingilio, hata kwa dakika tano.

Basi dirisha likafunguliwa, na mlango wa nyuma uko wazi. Mama mmoja akapiga ukelele. Wale wale waliokuwa wakitabasamu juu ya mbwa wa Amboni wakajiviringisha skafu hadi masikioni, na mwandishi, shujaa wa mapangoni, akawatangulia.

Kwenye foleni ya kusainiwa vitabu, yule mama akamwacha mwandishi akaja kwangu. Kasoma kwamba mzimu wa mle mapangoni hupelekewa udi na marashi; je, huombwa hata shingo? Nikamwambia ninavyojua mimi watu huomba watoto, kazi na kufaulu mitihani. Akasema hakuna ubaya kujaribu, akanitia mkononi yuro 20.

Shangazi, najua shehe hataki kusikia habari za mizimu, lakini pesa ya mtu ni amana. Nimeituma kwa simu ya Mjomba. Nunueni udi na marashi, mtu apeleke na kutaja shingo, ya upande wa kushoto. Itakayobaki ni ya kachori na mihogo ya kuchoma, pilipili ya kutosha, mle kwa niaba yangu. Na Mjomba asije akasema makato yameimaliza yote.