Cherehani ya Pili ya Nini?

Kushona mifarishi huku unaishi Tabata kunataka moyo. Mwezi wa pili, feni inazungusha joto lile lile, nawe umejilazia mapajani tabaka tatu: vitenge juu, pamba katikati, marekani chini. Kila jirani anayepita mlangoni anauliza kama una homa. Nimeshachoka kueleza kwamba wateja wangu wako Njombe, Makete na Lushoto. Wao wana baridi, mimi nina cherehani, na jasho linalotoka hapo katikati ni la kwangu.

Cherehani yenyewe ni Butterfly ya miguu, kichwa cheusi, urithi kutoka kwa shangazi. Haina kasoro hata moja. Tabu ilianza akina mama wa kikundi kimoja cha Mbagala waliponiomba niwafundishe kuunga viraka kila Jumamosi. Wao walikuwa na meza nzuri ya chuma, pedeli na mkanda vipo, ila kichwa chake kilishakufa siku nyingi. Basi nikawa nakifungua cha kwangu, nakifunga kwenye khanga, napanda nacho daladala nikiwa nimekipakata. Ni chuma kitupu, zaidi ya kilo kumi.

"Mama, huyo naye analipa," konda akasema.

"Huyu si mtu, ni kichwa."

"Kichwa cha nani?"

Daladala nzima ikageuka. Kijana aliyekaa jirani yangu akakumbuka kuwa anashuka kituo kinachofuata. Nililipa nauli ya watu wawili ili yaishe, na nikafika Mbagala nimekaa kwa nafasi ambayo sijawahi kuipata kwenye daladala tangu nihamie mjini.

Ndipo nikatangaza nyumbani kwamba natafuta cherehani ya akiba. Baba watoto akaweka kikombe chini, akaitazama ile ya dirishani, akauliza kwa upole kabisa: "Kwani hiyo imefanya nini?" Nikamuuliza timu yake ina makipa wangapi. Akanyamaza. Kisha akasema watatu, kwa sauti ya chini, akatoa laki moja. Mimi nikaongeza pesa ya zamu yangu ya mchezo wa upatu, nikaenda Kariakoo.

Mtu wa kwanza kuniona alikuwa machinga mwenye kijicherehani cheupe cha plastiki, kinachotosha kiganjani, unakibana na kuachia kinashona. Ili kunithibitishia, alijishonea pindo la shati lake hapo hapo, tena akiwa amelivaa. Lilishoneka vizuri, lazima niseme ukweli. Lakini vile vya kubana kwa mkono hushona kwa uzi mmoja, mshono wa mnyororo, usio na bobini ya kuufunga kwa chini. Bibi mmoja aliyekuwa akingoja chenji yake aliona ncha ya uzi inaning'inia, akaivuta kwa nia njema tu, kama wanavyofanya bibi wote. Pindo lote likafumuka kutoka mwanzo mpaka mwisho. Machinga akaliangalia shati lake, akamwangalia bibi, akaniambia: "Hii ni ya kushonea vitu vya muda."

Duka lililofuata lilikuwa na kiyoyozi, na hapo ningepaswa kushuku bei mapema. Kijana wa mauzo alinionyesha cherehani yenye kioo kama cha simu na mishono mia mbili. Alinionyesha mshono wa maua, wa mawimbi, wa bata wanaofuatana. Nikamwomba ule wa kunyooka. Aliutafuta sana. Alibonyeza akapata nyota, akabonyeza akapata herufi, akamwita mwenzake. Wakati huo nilikuwa nimeshaona kibandiko cha bei, na nikawa nawaombea wasiupate ili niondoke kwa heshima.

Lakini nisifanye mzaha na mshono wa kunyooka, kwa kuwa ndio chakula chetu. Mfarishi ni robo inchi, yaani milimita sita na kidogo kati ya mshono na ukingo wa kitambaa, toka kiraka cha kwanza hadi cha mwisho. Tuseme cherehani yako inapotoka kwa milimita moja na nusu tu. Kila kiungo kinakula pande zote mbili, kwa hiyo umepoteza milimita tatu. Safu ya viraka ishirini ina viungo kumi na tisa: umeshapoteza karibu sentimita sita, na safu ya chini yake, aliyoishona mtu mwingine, haijapoteza kitu. Ukiziunganisha hizo mbili unapata kitu chenye kiuno. Bata wanaofuatana hawawezi kukusaidia hapo.

Nikahamia kwenye mitumba. Huko kulikuwa na cherehani ndogo ya umeme kutoka Japani, safi, nyepesi, ya bei ya kulia machozi ya furaha. Nikaigeuza nyuma. Kibandiko kilisema volti 100. Ukutani kwetu hutoka 230.

"Kaka, hii inataka transfoma."

"Dada, umeme ni umeme," akasema, akaichomeka.

Kwa sekunde chache sijawahi kuona cherehani ikishona kwa bidii ile. Sindano haikuonekana kabisa, ilisikika tu. Kisha ukaja moshi, mwembamba halafu mnene, na harufu iliyowatoa watu kwenye maduka matatu. Jirani akaja na ndoo ya maji, watu wakamshika. Mwenye duka akachomoa waya, akapepea moshi kwa daftari lake la madeni, akanigeukia na uso mkavu wa mfanyabiashara halisi: "Sasa hii nitakupunguzia."

Nisingependa mtu adhani sikuwa na ndoto kubwa. Ndoto yangu ni Singer 221, iliyoanza kuuzwa Marekani mwaka 1933, mwili wa alumini, kama kilo tano tu, ambayo washonaji mifarishi wa huko huibeba darasani ndani ya kisanduku chake. Nimeiona kwenye video nyingi kuliko nilivyowaona baadhi ya ndugu zangu. Kariakoo nilipoitaja, mmoja aliniuliza kama ni pikipiki.

Aliyeniokoa ni fundi wangu wa siku zote, mzee anayekaa kibarazani na kopo la mafuta na bisibisi zake. Nilimsimulia yote niliyoyaona. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema: "Mwanangu, usinunue cherehani ambayo mimi nitaifungua kwa kujifunza." Kisha akamwaga sindano mezani. Za cherehani za kiwandani zina shingo ya mviringo. Za nyumbani zina upande mmoja bapa, na haziingiliani. "Ya akiba," akasema, "sindano ile ile, bobini ile ile, mguu ule ule. Ikifa moja, nyingine inairithi vipuri. La sivyo utakuwa na wagonjwa wawili wa hospitali mbili."

Chini ya meza yake kulikuwa na kichwa cheusi kama cha kwangu, rangi imechubuka, kimefungwa mpini wa kuzungusha kwa mkono. Bei yake iliniachia na nauli. Nikalalamika kwamba ni kizito vile vile. Akauliza kwa nini nataka kukibeba wakati naweza kukiacha Mbagala. Nilikuwa nimezunguka Kariakoo nzima nikitafuta wepesi wa kitu ambacho hakikuwa na haja ya kutoka mahali kilipo.

Baba watoto alipoiona alicheka. Cherehani ya mkono, karne hii? Nikamkumbusha kwamba Gandhi, ambaye hakuwa rafiki wa mashine, aliisamehe cherehani ya Singer na kuisifu kuwa miongoni mwa vitu vichache vya maana vilivyowahi kubuniwa. Akasema Gandhi hakuwa na kodi ya kulipa. Siku chache baadaye alianza kutafuta kadi yake ya benki ya zamani. Nilikuwa nimeitoboa tundu, nikaibandika kwa gundi ya karatasi juu ya meno ya cherehani, maana ukitaka kuchora maua juu ya mfarishi lazima uzuie meno yasivute kitambaa, ukitembeze mwenyewe. Muda wa kadi ulikuwa umekwisha. Ila namba zake bado zinasomeka, na akina mama wa Mbagala wanazijua kwa moyo.

Kwa wanaojifunza, ya mkono ni bora kuliko ya miguu, nami siogopi kubishana na mtu. Mwanafunzi mpya kwenye pedeli hupiga gurudumu kinyume, uzi unakatika, anamlaumu aliyemtangulia. Mpini haukimbii zaidi ya mkono wako. Kasoro yake ni kwamba mkono wa kulia unazungusha na wa kushoto unabaki peke yake na kitambaa. Kwa hiyo tunakaa wawili wawili: mmoja anazungusha, mwenzake anaongoza. Ile meza ya chuma siku hizi inawekewa chupa ya chai.

Nilichokuja kukigundua ni kwamba mwendo wa cherehani hiyo hautegemei mafuta wala mkanda, unategemea mazungumzo. Umbea ukinoga, mpini unakwenda mbio na robo inchi inakuwa nusu. Ikifika sehemu ya "halafu usimwambie mtu", mpini unasimama kabisa na sindano imezama kitambaani. Nimejaribu kuwaomba wanyamaze, wakaniona nina matatizo nyumbani. Kwa hiyo sasa ninapopanga jozi naanza kwa kuuliza chini chini nani kanuniana na nani. Safu iliyonyooka kuliko zote tulizoshona imetoka kwa mawifi wawili ambao hawajasalimiana tangu msiba wa mwaka jana, na mwenyekiti ananiomba nisiwapatanishe mpaka mfarishi wa Makete uishe.