Nane Iliyozaliwa Tatu

Jana jioni kikoba chetu hapa Ulyankulu kilinitoza faini mbili kwa mpigo: shilingi 10,000 kwa kuchana daftari la kikundi na 10,000 nyingine kwa kuingia kikaoni na gongo. Wajumbe walipiga makofi. Mama mmoja aliongeza vigelegele.

Deni langu ni 30,000. Daftarini likasomeka 80,000. Kuna mkono ulioichukua tatu yangu, ukaiziba upande wa kushoto, ikawa nane. Nikasema sawa, wino utasema wenyewe.

Maana wino mweusi si mweusi. Ni rangi kadhaa zilizochanganywa, zambarau, buluu, pengine manjano, na kila kiwanda kina mchanganyiko wake. Weka nukta ya wino kwenye karatasi ya chujio, chovya ncha ya karatasi kwenye kimiminika, kitapanda taratibu kama mafuta ya taa kwenye utambi wa kibatari. Kikifika kwenye nukta kinazoa rangi. Utamu uko hapo: inayopatana nacho inakwenda mbali, inayong'ang'ania karatasi inabaki nyuma, na zilizokuwa kitu kimoja zinaachana mbele ya macho yako. Mstari wa kuanzia unachorwa kwa penseli, kwa kuwa penseli haiyeyuki. Nukta nayo ikae juu ya kimiminika, la sivyo wino wote unaishia glasini. Mrusi Mikhail Tswett alitenganisha hivyo rangi za majani kwa unga wa chaki mwanzoni mwa karne iliyopita. Waingereza Martin na Synge walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1952 kwa kazi iliyozaa njia hii ya karatasi.

Lakini wino wa peni za kawaida una mafuta, maji hayauwezi. Unataka spiriti. Spiriti sikuipata. Gongo haijawahi kukosekana.

Basi nikaikata ile nane kwa wembe, Mwenyekiti akipiga kelele, nikaipasua katikati: nusu kwenye kizibo hiki cha soda, nusu kwenye kile. Tone la gongo kila kimoja. Nikachovya njiti ya kiberiti, nikadonoa karatasi ya chujio, nikasubiri ikauke, nikadonoa tena, kisha nikaichovya ncha yake kwenye gongo. Ukumbi ukanuka kilabu. Kulia ikapanda zambarau peke yake. Kushoto ikapanda zambarau, na juu yake uzi mwembamba wa buluu. Peni mbili!

"Ndugu yangu," akasema Mwenyekiti, "hiyo karatasi ina muhuri?"

"Haina, Mwenyekiti."

"Na ile nane iko wapi?"

Nikanyoosha kidole kwenye vizibo.

"Basi shahidi wako umemlewesha mwenyewe. Kwa kuwa tarakimu haipo tena, tutafuata kumbukumbu ya mhazini."

Mhazini alikumbuka 80,000. Alikumbuka bila hata kufumba macho.

Mtemi Mirambo, aliyelitawala eneo hili letu, alifunga njia ya misafara ya Ujiji mwaka 1871 na dunia nzima ikajua ni yeye. Hata hongo ya njiani ilitozwa mchana kweupe, nguo na shanga zikahesabiwa mbele ya mwenye mzigo. Sisi tunaporwa kwa kona moja ya peni, kisha tunaombwa muhuri.

Leo asubuhi nimenyeshewa, kalamu ya wino wa maji imevuja mfukoni, shati jeupe limetoa buluu na waridi. Mke wangu kauliza kama nalo ni ushahidi.

Mchana muuza gongo kanidai chupa tatu. Nilichukua moja. Nimelipa.