Namna ya Kuulea Mgomba Ulaya: Mwongozo Kutoka Kaniha, Kagera

Mdogo wangu anaishi Leeds, Uingereza. Juzi kanitumia picha kwenye simu, kasimama kando ya mgomba uliompita kimo, na swali moja: “Kaka, mkungu utatoka lini?” Namjibu hapa, pamoja na kila mtu wa Kagera aliyehamia kwenye baridi na bado anaota ndizi.

Kwanza, uulize mgomba huo ukoo wake. Unaouzwa sana kwa bustani za Uingereza ni Musa basjoo, wenye asili ya China. Wajapani waliulima kwa ajili ya nyuzi za kufumia nguo. Baridi unaivumilia kweli, lakini vidole vyake ni mbegu tupu. Ukimwandalia mkweo, mtalala njaa wote wawili.

Wa kula basi? Usije kung'oa chipukizi kwa mama ukalificha kwenye begi. Mnyauko bakteria ulibainika Kagera mwaka 2006, na tuliousambaza ni sisi wenyewe, kwa machipukizi ya kuombana na panga lililotoka shamba la jirani bila kuoshwa. Nunua mche wa maabara wenye hati zake.

Kisha joto. Najua tarehe 19 Julai 2022 kule Coningsby, Uingereza, lilifika nyuzi 40.3, mkadhani mmehamia Dar es Salaam. Mgomba hauzai kwa joto la siku moja. Likishuka chini ya nyuzi 14 hivi unaacha kukua, na usiku mmoja tu wa sakitu unababua majani yakawa meusi. Upande kwenye pipa, na baridi ikianza uingize sebuleni. Kochi lisogee, mgomba ni mgeni mwenye madai.

Sasa kazi yenyewe, na hapa nisikilize sana. Kila shina libaki na mama, binti na mjukuu, basi. Machipukizi mengine toa, hata yakikutia huruma. Tandaza nyasi kavu, weka samadi na maganda ya maharage, lakini acha nafasi kuzunguka shina ili fukusi wasipate pa kujificha. Chane la mwisho likishatoka, usiguse panga. Chukua mti mrefu wenye panda, libane ua dume pale kwenye kikonyo, zungusha taratibu mpaka likatike. Wadudu wanaofuata asali ya ua hilo nao hubeba mnyauko. Simama pembeni: utomvu ukikudondokea, shati hilo limekuwa la shambani maisha yake yote. Mama analifanya hili asubuhi kabla ya chai, na nikimtazama naona kwamba mgomba haulelewi na jua peke yake. Unalelewa na mtu anayeupitia kila siku.

Wapo Ulaya ambao hawahitaji sebule tena. Sicilia wanavuna maembe, na mwaka 2021 familia ya Morettino ya Palermo ilichuma kahawa kilo 30 hivi. Nawapongeza, ni wakulima wenzetu. Ila moyo unaniuma, kwa sababu joto linalowapelekea kahawa wao ndilo linalotunyang'anya sisi. Utafiti uliotoka mwaka 2015 kuhusu arabika ya Tanzania ulionyesha kuwa kila nyuzi moja inayoongezeka kwenye joto la usiku inapunguza mavuno kwa kilo 137 hivi kwa hekta. Joto la usiku, wakati mkulima amelala! Anayetaka kulima mazao yetu kwao atusaidie pia yabaki kwetu.

Na wewe mdogo wangu, huo wa Leeds uache uwe kivuli cha watoto. Mkungu wako umeshatoka. Uko nyuma ya jiko la mama, ameuwekea nguzo usianguke. Niambie unakuja lini, nisije nikaukata.